Msumeno wa Masinde Uliosikika Hadi Ng'ambo

Nyumba yangu ina milango miwili, haina komeo wala kitasa. Mchana iko wazi. Usiku nikilala bado iko wazi. Ni nini hiyo? Fikiria kwanza, usikimbie kunipa mji. Umeshindwa? Haya, nipe Nakuru yote na vitongoji vyake.

Ni masikio. Macho yana kope, meno yana midomo, lakini sikio halikupewa kifuniko. Linalotaka kuingia linaingia tu. Na kuna kelele ambayo ikiingia inavunja vyombo vya ndani. Sasa tulia nikuambie habari ya Masinde.

Masinde anakaa Subukia, upande wa juu, mahali mahindi huchelewa kukauka kwa sababu ya baridi. Kazi yake ni kuangusha miti na kupasua mbao. Ana msumeno wa petroli, ule tunaouita pawaso. Kila asubuhi mke wake, Mercyline, anamwekea chai kwa chupa na viazi kwa kitambaa. Masinde anavaa viatu vya gambuti, anabeba pawaso begani, anatoka. Njiani anakutana na Gathogo, mwenzake wa kazi kwa miaka tisa. Kazi ya Gathogo ni kamba. Anafunga mti kule juu na kuuvuta ili uanguke mahali unapotakiwa. Masinde anakata, Gathogo anavuta na kuangalia. Akiona hatari, anapiga kelele.

Huku kwetu fundi wa miti hana kibao barabarani. Mtu mwenye mti wa kuangusha anatoka nje asubuhi, anasimama kwa boma yake na kusikiliza bondeni. Pawaso inayolia sana kuliko zingine ndiyo anayomtuma mtu akaiite. Watu wanasema ikilia sana ina nguvu sana. Hata mimi nilisema hivyo, tena bila aibu.

Mwaka jana pawaso ya Masinde ilianza kuchoka. Gogo ambalo zamani lilikatika upesi, sasa lilimweka mpaka jasho likauka mgongoni. Ng'ambo ya bonde Kamande alikuwa amenunua pawaso mpya, inanguruma kama ng'ombe dume. Watu wakaanza kumwita Kamande. Mercyline akaona viazi vinarudi nyumbani bila kuguswa, kwa sababu mtu asiye na kazi hana njaa ya shambani.

Masinde akaenda Nakuru mjini kwa fundi mmoja anayechomelea bomba za pikipiki. Fundi akamwambia shida ni sailensa, kile kibati kinachopunguza kelele ya moshi. Alisema kinaifunga pawaso pumzi. Akakitoa, akaweka bomba fupi lililo wazi. "Boss, hii sasa itapumua," alisema. "Wakiisikia Subukia watafikiri umeleta trekta." Masinde akatia sailensa ya zamani kwa gunia, akarudi nyumbani akicheka peke yake.

Na kweli ililia. Kuku wa Mercyline walipanda juu ya paa. Kazi ikarudi. Masinde akaapa kwamba sasa pawaso inakata haraka mara mbili. Hakupima. Aliamini masikio yake.

Baada ya miezi michache mambo ya nyumbani yakageuka. Mercyline akimwita kutoka jikoni, haitiki. Akiulizwa jambo anajibu lingine. Redio anaifungulia mpaka majirani wanajua habari zote. Na akiongea, anafoka, hata kuomba chumvi. Mercyline alifikiri ni kiburi. Siku moja akamwambia, "Baba Micah, kama umeoa pawaso, niambie nirudi kwetu Webuye." Masinde akauliza, "Nani amerudi Webuye?" Mercyline akarudi jikoni. Siku nyingi baada ya hapo nyumba ile ilikula bila maneno.

Masinde mwenyewe alijua. Usiku masikio yalilia kama nyenje, nje kukiwa kimya kabisa. Lakini hakumwambia mtu. Nani ataita fundi wa miti ambaye hasikii?

Mwezi wa saba, mvua ikinyesha kidogo kidogo, waliitwa kuangusha mkaratusi mkubwa kwa shamba la mama mmoja mjane. Ardhi ilikuwa tope. Masinde akaanza kukata, bomba likinguruma. Gathogo alikuwa kwa kamba. Katikati ya kazi upepo ukageuka. Mti ukaanza kulia ndani, ile sauti ya kupasuka ambayo kila fundi anaijua. Gathogo akaita. Akaita tena. Angeachilia kamba, mti ungemwangukia Masinde, kwa hiyo akabaki ameishika na kuita mara ya tatu. Masinde hakuinua kichwa. Mti ukapasuka, ukajipinda. Masinde ulimpita kando. Tawi moja lilimpata Gathogo kwenye paja, likavunja mfupa.

Walimpeleka hospitali Nakuru. Siku ya pili Masinde alikwenda kumwona. Gathogo alikuwa amelala, mguu umefungwa, uso umekauka kama majani ya mahindi. Alinyoosha mkono, akamvuta Masinde karibu.

"Nilikuita mara tatu," alisema. "Ulinisikia?"

Masinde akaangalia gambuti zake. Akisema ndiyo, yeye ni mtu mbaya. Akisema hapana, kazi yake imekwisha. Akasema saa ya kuona wagonjwa inaisha, akatoka.

Wiki iliyofuata alijaribu kufanya kazi peke yake. Pawaso ikapiga kelele nyembamba, ikazima, ikakataa kuwaka. Hapo ndipo aliposikia habari za Jepleting, mama anayetengeneza pawaso Nakuru mjini, karibu na mtaa wa Bondeni. Alifanya kazi miaka mingi kwa viwanda vya mbao, na sasa ana kibanda chake. Masinde akapeleka pawaso, na sailensa ya zamani ikiwa bado kwa gunia.

Jepleting akafungua injini, akatoa pistoni, akamwonyesha. Ilikuwa na mikwaruzo kama imekwanguliwa na paka.

"Mzee, ni nani alikuambia pawaso inapumua kwa bomba la pikipiki?"

Masinde akasema bomba lilileta nguvu. Jepleting akatikisa kichwa, akamweleza polepole. Injini inataka petroli na hewa kwa kipimo, kama ugali unavyotaka unga na maji. Moshi ukitoka haraka, hewa inaingia nyingi, na petroli inabaki ile ile. Na kwa pawaso, oili imechanganywa ndani ya petroli. Petroli ikiwa haba kwa hewa hiyo, oili nayo inakuwa haba. Injini inapata joto, inakauka, pistoni inakwaruzwa.

"Kwa hivyo hakuna sailensa ya kuongeza nguvu?" Masinde akauliza.

"Ziko. Zikitengenezwa vizuri, na kabureta inayopima petroli na hewa ikirekebishwa na anayejua, unapata nguvu kidogo. Kidogo tu. Lakini wewe hukukosa nguvu. Ngoja uone."

Akachukua sailensa ya zamani, akatoa kiwavu kidogo cha chuma ndani yake. Kilikuwa kimeziba kwa masizi, cheusi kabisa. Akasema hicho ndicho kilichokuwa kimeikaba pawaso, na kukisafisha ni kazi ya muda mfupi kwa brashi ya waya. Tena kiwavu hicho huzuia cheche, maana wakati wa kiangazi cheche moja inaweza kumaliza shamba. Akafungua filta ya hewa, ikamwaga unga wa mbao. Akapitisha kidole kwa meno ya cheni, yalikuwa butu kama kijiko.

Masinde alikuwa anasema "Eh?" kila mara. Jepleting akaliona hilo. Alipokuwa amesimama nyuma yake alimwita kwa jina, sauti ya kawaida. Masinde hakugeuka. Jepleting akazunguka mpaka mbele ya uso wake.

"Pistoni nitakubadilishia," alisema. "Masikio hayauzwi. Enda yapimwe leo."

Alikwenda hospitali. Nesi akamvalisha vitu vya kusikiliza, akamwambia ainue mkono kila akisikia mlio. Mara nyingi mkono ulibaki chini. Nesi akamweleza kwamba kilichopotea kwa kelele hakirudi, hakuna dawa ya kukirudisha, lakini kilichobaki kinaweza kulindwa. Sikio la kulia lilikuwa na nafuu. Akasema hata pawaso yenye sailensa nzima ina kelele ya kuumiza, kwa hivyo kila anayeitumia avae vifuniko vya masikio, na anayesimama karibu pia.

Masinde alirudi kuchukua pawaso. Ilikuwa na pistoni mpya, sailensa ya zamani iliyosafishwa, na cheni iliyonolewa kwa tupa. Jepleting akaweka gogo la saipresi chini. Pawaso ikalia kwa sauti ya chini, ikapita kwenye gogo kama kisu kwenye mkate. 

Siku hizi anavaa vifuniko. Cheni anainoa kila akijaza petroli, filta anaipiga brashi kila jioni. Msaidizi wake mpya, Kemboi, husimama mahali ambapo Masinde anamwona. Kila baada ya kukata kidogo, Masinde anainua macho. Mkono wa Kemboi ukipanda juu, Masinde anazima na kuondoka kwa njia waliyochagua kabla ya kuanza. Hakuna tena kutegemea kuitwa. Mwanzoni wateja walipungua, kwa sababu pawaso haikusikika ng'ambo. Mercyline akaandika nambari ya simu kwa kibao, akakipigilia kwa kinu cha kusagia unga. Sasa simu inaita, na Mercyline ndiye anayeipokea. Wanaongea tena wakati wa chakula, Mercyline akikaa upande wa kulia wa Masinde.

Gathogo alitoka hospitali. Mguu uliunga ukiwa umepinda. Anatembea kwa fimbo, na hatashika kamba tena.

Jumapili moja, mvua ikinyesha, Masinde alimpelekea maziwa. Mke wa Gathogo akawamiminia chai, akaenda kutazama ng'ombe. Masinde alikaa kwa kigoda, akainuka, akakihamisha upande wa pili.

"Mbona unahamahama kama kuku anayetafuta pa kutaga?" Gathogo akauliza.

"Sikio hili ndilo limebaki," Masinde akasema. "Lile lingine lilikwenda. Lilianza kwenda kabla ya ule mkaratusi, nami nikanyamaza, nisije nikakosa kazi."

Gathogo akaweka kikombe chini.  Mvua ilipiga mabati, na Masinde akangoja mpaka ikapungua kidogo.

"Sikukusikia, Gathogo. Hata mara moja."