Mbao Zisizokauka

Kila asubuhi Msumeno aliamka vilevile, akiwa na hasira na mtu ambaye bado hajakutana naye. Alikunywa chai yake akiwa amesimama mlangoni, akamwaga makapi uani, akaenda bandani kugonga magogo.

Fanicha zake hazikuwa za mbao nyoofu zilizopigwa randa zikang'aa. Zilikuwa za mti kama ulivyo: meza yenye ukingo uliopinda kufuata ubavu wa gogo, stuli ya kisiki, rafu za matawi yaliyobaki na magome yake. Kwa hiyo kila gogo alilipiga konzi, akatega sikio. Lililolia wazi lilikuwa zima. Lililojibu kizito, kama debe lenye uji, lilikuwa limeoza tumboni, na hilo alilisukuma kwa mguu hadi kwenye kuni huku akisonya. Hakuna aliyejua kusonya kama yeye. Alisonya magogo, akasonya wateja, akasonya kuku wa watu na sisi majirani wenye kuku, ambao ndio tuliompa jina la Msumeno, maana alikata akienda na akakata akirudi.

Aliyekatwa kuliko wote alikuwa mumewe.

Mume huyo alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye kikohozi kifupi cha kuomba radhi kabla ya kila neno. Kazi yake ilikuwa kutafuta miti: iliyoangushwa na upepo, iliyokokotwa na mto, mizizi iliyoachwa na wachonga barabara. Jicho la kutafuta alikuwa nalo. La kuhifadhi, hapana. Akirudi na mzigo aliubwaga bandani juu ya udongo mtupu, umeegemea ukuta, ubao juu ya ubao bila hata upenyo wa kupitisha wembe. Haukupita muda, chini mchwa, juu ukungu, katikati mbao zimepinda kama mgongo wa paka.

"Mbao inahitaji kupumua," Msumeno alimwambia mbele ya wateja. "Hata wewe unapumua, ingawa sijui kwa faida ya nani."

Wateja walicheka. Mumewe naye alicheka, maana ndivyo alivyokuwa.

Mwaka wa mvua kubwa, mti mmoja wa bondeni uling'oka nusu ukaegemea mwenzake. Ulikuwa mti wa maana, shina pana, moyo mwekundu. Mumewe alikwenda kuuangalia akarudi mikono mitupu.

"Umeshikwa na tawi moja tu," alisema baada ya kukohoa. "Tuusubiri uanguke wenyewe."

"Ukianguka wenyewe utaoza kabla hujamaliza kuogopa," Msumeno alimjibu. "Au vua hiyo suruali unipe, nivae niende mimi. Wewe baki na mwiko."

Mume alichukua shoka na kamba, akaenda. Lile tawi lilikatika akiwa chini yake.

Siku ya mazishi Msumeno hakulia. Walimzunguka wanawake wenye machozi ya kukodi, wale wanaolia huku wanaangalia sufuria zimefika wapi, naye akawatazama kama anavyotazama ubao wenye ufa. "Maisha yake yote hakujua mbao ikae wapi," alisema, "na mwisho akakaa yeye udongoni, mahali pa mbao zake." Watu waliinamisha vichwa. Wengine walijifanya hawakusikia, na hao ndio walioifikisha habari mtaa wa pili kabla ya jioni.

Udongo wa kaburi haujakauka, akawatuma wapasuaji bondeni wakaupasue mti uleule.

Nyumbani alikuwa amebaki na wifi yake, dada wa marehemu, mwanamke mwembamba aliyekuja msibani akabaki ili mjane asiwe peke yake. Msumeno alisema hajawahi kuona msaada unaokula polepole hivyo huku kazi zikingoja. Mbao zilipoteremshwa kwenye lori, wifi alizitazama akaziba mdomo kwa mtandio.

"Wifi," alisema kwa sauti ya chini, "si ndio mti uliomuua kaka?"

"Ndio wenyewe. Shika upande ule."

"Huoni vibaya kuuweka ndani?"

"Mti haukuwa na kosa. Ulikuwa unaanguka. Aliyejipeleka chini yake ni kaka yako."

Wakazipanga, na Msumeno alizipanga kama mtu anayesahihisha daftari la mjinga. Matofali kwanza, ili mbao zisiguse udongo. Kisha ubao, vijiti vikavu juu yake kwa mapana, ubao mwingine, vijiti tena, upepo upite kote. Mbali na ukuta. Vichwa vya mbao akavipaka rangi iliyobaki kwenye kopo, ili zisikauke kwa pupa zikapasuka. Juu akaweka mawe kuzuia kupinda. Alipomaliza alirudi nyuma hatua mbili, akatabasamu. Ilikuwa mara ya kwanza kutabasamu tangu msiba.

"Laiti angeona," alisema.

Kesho yake alifungua banda akakuta mbao zote zipo chini, juu ya udongo, zimeegemea ukuta, ubao juu ya ubao. Vijiti vilikuwa vimekusanywa pembeni na kufungwa fundo kwa ugwe.

Msumeno alimwita wifi yake kwa sauti iliyosikika hadi kwetu. Wifi aliapa hajakanyaga bandani. Msumeno alimtazama mikono, ile mikono ya kupembulia mchele, akajua hata yeye mwenyewe anamsingizia. Ubao mmoja wa mti ule ulihitaji watu wawili.

"Basi ni hawa majirani," alisema kwa nguvu ili tusikie. "Hawana kazi, hawana akili, na sasa hawana hata usingizi."

Kusema kweli tulimdharau kama alivyotudharau, na kama kuna mtu alikuwa anamchezea, hatukuona ubaya wake.

Alizipanga upya. Akanunua kufuli jipya, ufunguo akautia kwenye kamba akauvaa shingoni.

Kulipokucha kufuli lilikuwa limefungwa vilevile. Mbao zilikuwa chini, ukutani.

Safari hii alichuchumaa akatazama sakafu ya udongo. Alikuwa ameifagia jana yake kabla ya kufunga, na mistari ya ufagio ilikuwa bado ipo, mizima, kutoka mlangoni hadi ukutani. Hakuna aliyeikanyaga.

Akaupapasa ubao wa juu. Ulikuwa umelowa. Si kwa mvua, maana mvua ilikwisha na bati halikuvuja. Maji yalikuwa yanatoka ndani, kwenye vichwa alivyopaka rangi, tone moja moja, kama jasho kwenye paji la uso. Mbao zikishapasuliwa huzidi kuwa nyepesi. Alijaribu kuinua ncha moja. Ilikuwa nzito kuliko siku ilipoletwa.

"Unyevu wa ardhini," alimwambia wifi, ambaye hakuuliza. "Zimenyonya. Ndiyo maana huwa nasema zisiwekwe chini."

Wifi alitazama mistari ya ufagio. "Wifi, tuite watu wenye kujua mambo haya."

"Watu gani? Wa kufukiza na kutemea mate?" Msumeno alisonya. "Nimwogope yule? Alipokuwa hai alinyata ndani ya nyumba yake mwenyewe. Kufa ndiko kumempa ushujaa?"

Hakuzipanga tena siku hiyo. Alisema mgongo unamuuma.

Siku iliyofuata mbao hazikuwa ukutani. Zilikuwa katikati ya banda, zimepangwa kwa namna ambayo Msumeno hakuwahi kuiona kwa fundi yeyote. Zilisimamishwa kwa ubavu pande mbili, nyingine zikaziba kichwani na miguuni, na katikati pakaachwa nafasi. Ndefu. Nyembamba. Ndani yake udongo ulikuwa umebonyea.

Ilikuwa saa za mchana, jua kali, watoto wanapiga kelele njiani wakitoka shule.

Wifi alisimama mlangoni, hakuingia. Alinong'ona, "Huo ni urefu wake."

Labda kama angenyamaza, yasingetokea. Lakini Msumeno hakuwa mtu wa kunong'onezewa. Aliinamia ile nafasi, akaitazama, akacheka.

"Tazama ulivyo mjinga," alisema. "Nafasi tu hii. Nikuonyeshe."

Akavua viatu. Akapanda juu ya ubao, akajilaza ndani chali, na mikono akaipanga kifuani kwa mzaha. Miguu haikufika mwisho.

"Ona, inanipwaya. Kaka yako hata jeneza hajui kupima."

Wifi alimsubiri aamke. Hakuamka mara moja. Kicheko kilikuwa kimemkauka mdomoni, macho yanatazama bati. Alikuwa amesikia kitu, na alikuwa anasubiri kuona kama atakisikia tena.

Alikisikia. Kikohozi kifupi, karibu na sikio la kulia. Cha kuomba radhi.

Kisha sauti, ya upole, kama ya mtu anayerudi amechoka na hataki kumsumbua aliyelala.

"Sogea kidogo."

Msumeno alitoka mle ndani kwa mikono na magoti. Gauni lilikuwa limelowa upande mmoja, wa kulia, kuanzia begani hadi mguuni. Wifi alimuuliza kumetokea nini. Alijibu kwamba hakuna kitu, mbao zinatoa maji, na kwamba asimkodolee macho kama mbuzi. Lakini usiku ule, kwa mara ya kwanza, alimwomba wifi yake alale chumba kimoja naye. Hakuomba kwa neno zuri. Alisema, "Huko kwako kuna panya, njoo huku."

Asubuhi wifi ndiye aliyetangulia kuchungulia kwenye upenyo wa mlango wa banda. Aliporudi alikuwa ameshika ukuta.

"Imepanuka," alisema.

"Nini?"

"Ile nafasi. Imekuwa ya watu wawili."

Msumeno alimaliza chai yake. Alimwona wifi akimtazama kama anavyotazamwa mgonjwa, na hilo ndilo lililomuudhi kuliko yote. Aliweka kikombe chini, akaenda kuchukua shoka.

"Leo nazikata kuni," alisema. "Zote. Nitamchemshia maharage hapa uani akiangalia."

"Niite watu tusaidiane."

"Uwaite wanione naogopa? Kwa nini nisife kabisa?" Akajifunga kanga kiunoni. "Nenda sokoni. Ukirudi utakuta moshi."

Wifi alikwenda. Alituambia baadaye kwamba nyuma yake alisikia shoka likipiga mara ya kwanza, na mlio wake haukuwa mlio wa shoka kwenye mti. Ulikuwa laini. Kama linapiga godoro.

Aliporudi hakukuta moshi. Alikuta banda limefungwa kwa kufuli, kwa nje. Shoka limeegemezwa ukutani, taratibu, mahali ambapo marehemu alikuwa akiliegemeza. Aliita. Hakuna aliyejibu. Akaja kwetu mbio, kapu lake la nyanya likibaki limemwagika getini, nasi tukaenda. Wengine walikwenda kwa huruma. Wengi tulikwenda kumwona Msumeno amekwama.

Tulivunja kufuli kwa nondo.

Ndani palikuwa pamefagiliwa. Na mbao zilikuwa zimepangwa vizuri. Vizuri kabisa. Matofali chini, vijiti kati ya kila ubao na mwenzake, mbali na ukuta, mawe juu. Hata seremala mmoja aliyekuwa miongoni mwetu alisema hajaona rundo lililopangwa hivyo.

Wifi alipiga magoti akachungulia upande wa chini.

Akaona vidole vya miguu.

Tuliondoa mawe. Tukaondoa mbao mojamoja, watu wanne kwa ubao, tukiteleza kwa maji. Msumeno alikuwa tabaka la chini, juu ya matofali. Alikuwa hai. Hakuwa na mkwaruzo. Alilala ubavu wa kushoto, pembeni kabisa, amejibana ukingoni, na nyuma ya mgongo wake palikuwa na nafasi ya mtu mzima. Mdomo ulikuwa umebinuka kama anataka kusonya. Ufunguo ulikuwa shingoni mwake.

Tulijaribu kuzichoma zile mbao. Tulimwaga mafuta ya taa, moto ukawaka juu juu, maji yakachemka yakitoka kwenye vichwa vyake, ukazimika. Tukazipeleka mtoni. Mbao huelea, mtoto mdogo anajua. Zile zilizama moja baada ya nyingine bila kutoa povu.

Msumeno hajasema neno tangu siku hiyo. Sisi majirani, ambao tulikuwa tunauombea ulimi ule ukatike, sasa tunapita mbali na ukimya wake. Wifi ndiye aliyemchukua, akahama naye mtaa mwingine, nyumba ya matofali na sakafu ya saruji. Humlisha, humwogesha, humlaza. Kitanda ni cha chuma. Wifi alikataa mbao hata moja ndani ya nyumba hiyo, mpaka mwiko ni wa plastiki.

Humlaza katikati ya kitanda. Asubuhi humkuta ukingoni.

Na upande ule mwingine wa shuka, kila kunapokucha, wifi hukung'uta unga wa mbao. Mwekundu, mbichi, bado una joto.