Unga wa Vigae vya Mahame

Chungu kilitoka motoni bila kunuka moshi. Mong'ina akakinusa tena, akakunja uso. Kilinuka ugoro, na hapo nyumbani kwao Mosocho hakuna aliyenusa ugoro. Walikuwa Wasabato damudamu.

"Wacha maneno, kitauzika tu," mumewe Ombati alimwambia.

Ujanja ulikuwa wa Ombati, mtu wa njia za mkato tangu utoto. Mwaka ule wa 1971 watalii walitaka vyungu vya kale, lakini Kantilal, mwenye duka mjini Kisii, hakudanganyika na masizi ya kupakwa. Alidondosha tone la maji: cha kale kililinywa upesi, cha juzi kikanuka moshi. Basi Ombati akaenda kwenye mahame fulani, akafukua vigae, akavitwanga, na Mong'ina akauchanganya ule unga na udongo wake. Wafinyanzi wote hutwanga vigae ili chungu kisipasuke. Lakini hutwanga vya kwao, si vya marehemu wasiowajua.

Kantilal akadondosha tone lake, akatabasamu. "Hii ndio ya zamani kweli, mama. Zile ingine ulileta, ya juzi tu."

Waliporudi, binti yao mdogo Bitutu aliwapokea mlangoni. Mdomo wake ulinuka ugoro.

Homa hakuwa nayo, ila alikataa uji, akakataa maziwa, akawa anashinda mlangoni ameukabili upande wa mahame, akipeleka vidole viwili puani kama ajuza, na kila Mong'ina alipompakata alimwona mzito kuliko jana ilhali mbavu zilizidi kujitokeza, mpaka mama wa watu akaanza kumwogopa mwanawe wa kumzaa, na kuona haya kwa kumwogopa.

Usabato ukawekwa kando, akaitwa omoragori, mama mpiga ramli wa Ikonge.

"Mmemtwanga mtu na nyumba yake," alinong'ona. "Mpeni mtoto jina la huyo marehemu, atatulia."

Ndiyo desturi ya Wagusii tangu zamani. Wakataja majina ya vikongwe waliokwisha kufa, moja baada ya jingine. Lilipotajwa Nyanchama, mtoto akapiga chafya, akaomba uji. Mong'ina alilia kwa furaha akimnywesha.

"Nyanchama wangu, umepona?"

"Nimepona, mwanangu."

Mong'ina akaweka uji chini. "Na Bitutu?" akanong'ona.

Mtoto alifuta mdomo taratibu.

"Nimemlaza pale mliponitoa. Atazoea. Hata mimi nilizoea."