Mafuta Yasiyopungua

Jambo la kwanza lilikuwa dogo, tena la jikoni. Geneviève alikaanga ndagala asubuhi, akakaanga jioni, akakaanga tena kesho yake, na mafuta karaini yakabaki kiasi kilekile alichomimina. Mwanamke mwingine angelitupa karai hilo na kukimbia. Yeye alimshukuru Mungu, akasali rozari, akaongeza samaki.

Mafuta yenyewe yalitoka kazini kwa mumewe, na hapa inabidi tuseme jambo la aibu. Protais alikuwa mkubwa wa kabini ya umeme, kijumba cha transfoma pale Luberizi, mali ya kampuni ndogo inayogawa umeme kwa vinu vya mpunga, pampu za mashamba na kituo cha afya. Kila kiangazi mambo huwa yaleyale. Maji ya Ruzizi yanashuka, umeme wa bwawani unakuwa haba, na ndipo kila mtu anapoutaka, maana mpunga umevunwa na vinu vyote vinanguruma kwa pamoja. Inabaki jenereta, nayo hunywa mazutu, yaani dizeli, na mazutu huja kwa lori, na lori hukwama njiani. Kiangazi kilichopita mazutu yaliisha Geneviève akiwa kituoni, amejifungua kabla ya wakati. Mtoto alikuwa amelazwa chini ya taa ya joto. Taa ikazimika, na asubuhi wakamzika katika kitenge cha mama yake.

Sasa Geneviève alikuwa mjamzito tena, na siku zake zingefika katikati ya kiangazi. Protais alijiapiza kwamba safari hii umeme hautakatika. Mvua zikiwa bado zinanyesha alibadilisha nyaya zilizochakaa, akakata matawi yaliyoegemea laini, akajaza mapipa ya mazutu na kuyafungia kwa kufuli. Kisha akaenda kuchukua transfoma ya zamani iliyolala miaka mingi katika kiwanda cha pamba kilichokufa, ije kuisaidia ile ya kabini, ambayo kila mwaka ilielemewa na kuchemka.

Walipofungua kifuniko, Venant, fundi wake wa siku zote, alirudi nyuma ameziba pua. Palinuka samaki aliyesahauliwa juani, na chini ya harufu hiyo kulikuwa na nyingine, ya kinywa cha mtu aliyetoka kuamka. Mafuta yalikuwa meusi na mazito. Chini kabisa Venant alinasa kitu kwa waya, akavuta, akaendelea kuvuta: nywele ndefu zilizogandamana kwa ute, za kujaza ndoo. Wakazitupa majanini. Wakasafisha tangi, wakatia mafuta mapya, na transfoma ikakubali kufanya kazi.

Na yale machafu? Mwenye akili zake angeyamwaga. Lakini mafundi wa laini ile wana desturi yao: mafuta ya transfoma hayatupwi, yanachujwa kwa kitambaa na kugawanywa, kwa sababu hayaungui upesi, ukikaangia leo utakaangia na wiki ijayo. Kwamba ni sumu, kila fundi anajua, na kila fundi anajifanya hajui. Protais aliwaambia wakayapake milangoni kuzuia mchwa. Alisema hivyo akitazama pembeni. Jioni ile Venant alipeleka bidoni, dumu lenye fungu la mkubwa, nyumbani kwa mkubwa, kama heshima inavyotaka, akamwachia Geneviève bila maelezo. Protais aliporudi aliwekewa ndagala. Walikuwa watamu mno, akalamba na vidole.

Haikupita wiki, nyumba za mafundi zote zikaanza kunuka. Mate yaliwateleza watu vinywani kama wamemeza kipande cha mafuta ya ng'ombe. Jasho la Venant liliacha madoa meusi shatini. Watoto walikojoa mkojo wenye utando unaong'aa juu yake, na shuka zilipofuliwa sabuni haikutoa povu. Inatia kinyaa hata kuisimulia, lakini watu hao waliendelea kula, tena kwa hamu, wakipangusa sahani kwa ugali.

Sauti ilikuja saa sita mchana, jua likiwa utosini na mbuzi wote wamejificha kivulini. Protais alikuwa amejinyoosha chumbani kando ya mkewe.

"Weye unaisikia?" Geneviève alimuuliza kwa kunong'ona.

Protais aliisikia. Alimwambia ni kabini inavuma.

"Kabini iko mbali. Hii iko humu." Akamshika mkono, akauweka tumboni mwake.

Protais aliinama akaweka sikio, na ndani ya tumbo la mkewe akaisikia transfoma, ule mvumo wake mzito usiopumua ambao alikuwa ameuzoea kuliko sauti ya mama yake, ila katikati ya mvumo huu kulikuwa na kitu kinachomeza mate, kinameza na kutulia, kinameza na kutulia, na ngozi ya tumbo ilikuwa na utelezi uliobaki shavuni mwake alipoinua kichwa, nao ulinuka samaki, ulinuka kinywa cha mtu aliyetoka kuamka. Alimuuliza mkewe amekula nini. Geneviève akampeleka jikoni kwa furaha, akamwonyesha karai, akamweleza baraka waliyopata. Protais alitoka nje akatapika ukutani, na alichotapika kikateremka polepole, cheusi, kinang'aa.

Kesho yake, saa ileile, Venant alisimama ghafla mlangoni mwa kabini mbele ya wenzake wote, mdomo ukafunguka kupita kiasi, na katikati ya meno yake zikachomoza ncha za nywele. Sauti iliyotoka ilikuwa ya mwanamke.

"Mulikula nyumba yangu," ilisema kwa upole. "Sasa nitalala wapi?"

Walimwita Mama Marie-Jeanne kutoka Bwegera, mwanamke mkali mwenye chumba cha maombi, anayejua pia majani. Hakumwonea huruma mtu. Alinusa bidoni, akatema mate chini, akawauliza kama mbuzi wao wangekubali kunywa kitu kile. Kisha akachemsha majani machungu ya mubirizi pamoja na chumvi, akaamuru lichimbwe shimo nyuma ya kabini na zile nywele zirudishwe kutoka majanini.

"Kila mwenye alikula, arudishe," alisema. "Tone moja ikibaki mu tumbo ya muntu, njo atafanya nyumba mule."

Protais alimvuta kando, akamuuliza, kana kwamba anauliza kwa ajili ya mke wa mtu mwingine, kama mjamzito anaweza kunywa dawa ile. Marie-Jeanne alisema anaweza, ila dawa itasukuma vyote, na mtoto pia. Kisha akamkazia macho, akamuuliza hali ya nyumbani kwake.

Protais aliliona kaburi dogo la mwaka jana, na kitenge.

"Bibi yangu hakukula," alisema.

Wakatapika, wazee kwa watoto, wamepiga magoti kuzunguka shimo. Nywele zilitoka pamoja na mafuta, na aliyeshindwa kuzitema ilibidi mwenzake azishike na kuzivuta. Protais alitapika mpaka akatoa machozi, akamwaga na karai la mkewe. Venant akarudiwa na sauti yake, akalia. Marie-Jeanne alichungulia shimo kwa muda mrefu, akasema anaona kama vilivyorudi havijatosha. Akamwaga chumvi, akalifukia.

Mvumo ukanyamaza, na Protais akapiga moyo konde.

Kiangazi kikaja kama alivyokiogopa. Mto ulishuka, malori ya mazutu yakakwama, mapipa yakakauka, vinu vikanguruma toka Bwegera hadi Nyakabere. Umeme haukuyumba hata siku moja. Watu walimshika Protais mkono njiani, naye hakuficha furaha yake, wala hakuuliza umeme huo unatoka wapi.

Geneviève alishikwa na uchungu, na mtoto akazaliwa saa sita mchana, kituoni, katika chumba kisicho na dirisha, wa kike, mzima, analia kwa nguvu. Protais aliitwa aingie. Mkunga alikuwa amemlaza mtoto chini ya taa ya joto, anampangusa, na pembeni yake kulikuwa na rundo la vitambaa vyeusi. Nywele za mtoto zilimfika kiunoni, zimegandamana.

"Papa," mkunga alisema taratibu, bila kugeuka, "niko namupanguza, lakini haiko napunguka."

Geneviève alinyoosha mikono kutoka kitandani, akauliza mtoto wake yuko wapi. Mtoto aliacha kulia. Akafumba mdomo, akameza mate, akaanza kuvuma, na macho yake yakamtafuta Protais mpaka yakampata. Protais aliitazama ile taa iliyowaka sawasawa juu yao, taa aliyoihangaikia mwaka mzima, akaomba kwa moyo wake wote umeme ukatike.

Haukukatika.