Risasi Hamsini za Babu Orrin

Kila Jumamosi, Signe Haugland akishamaliza kulisha kuku na kuosha vyombo vya asubuhi, alivuka ua hadi kwenye karakana ya babu yake. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, na katika bonde lote la Sorrel, huko Montana, hapakuwa na mahali alipopapenda kama pale. Msimu wa kuwinda kulungu ulipokaribia, Babu Orrin alijaza upya maganda ya risasi yaliyokwisha kutumika. Alijaza yake, ya jirani yao Bi Verna, na ya Wade Tollefson wa shamba la juu, maana wote walikuwa na bunduki za aina moja na wote walimwamini mzee kuliko duka.

Mwaka huo macho ya babu yalikuwa yameanza kumsumbua, basi Signe akapewa kazi ya kutia baruti iliyokwisha kupimwa. Masharti yalikuwa machache na babu hakuyafanyia mchezo. Ganda tupu hukaa mdomo chini, lililotiwa baruti hukaa mdomo juu. Kabla ya kufunga vichwa vya risasi, unamulika tochi ndani ya kila ganda. Simu haiingii karakanani. Na ukikatizwa, unamwaga yote na kuanza upya.

"Hata nikipiga chafya, Babu?" Signe alimtania siku ya kwanza.

"Hata ukipiga chafya. Baruti haina utani, kifaranga wangu."

Jumamosi moja ya Novemba ng'ombe walivunja uzio, babu akatoka mbio kuwarudisha. "Acha kila kitu hapo hapo mpaka nirudi!" alisema. Signe hakuacha. Trei ya maganda hamsini ilikuwa imepita nusu, na saa nane mchana alitakiwa kwenye basi la timu ya mpira wa kikapu. Mara simu, ambayo haikupaswa kuwa mfukoni mwake, ikalia. Alikuwa rafiki yake Kaia.

"Wewe uko wapi? Kocha anauliza nani kachukua jezi!"

"Nakuja bwana, usinipigie kelele!"

Wakabishana kuhusu jezi, wakacheka, wakamsengenya kocha kidogo. Mkono mmoja ulishika simu, na mwingine ukaendelea kugeuza maganda bila yeye kuutazama. Alipokata simu, maganda yote hamsini yalikuwa mdomo juu. Je, yote yalikuwa na baruti? Alidhani ndiyo. Kumwaga na kuanza upya kungemchukua saa nzima, naye saa hiyo hakuwa nayo.

Babu alirudi na matope hadi magotini. "Kumbe umeendelea peke yako. Haya, hilo tutaliongea. Umemulika?"

"Nimemulika, Babu. Yote."

Mzee akaketi, akafunga vichwa kimoja baada ya kingine. Risasi ishirini zikaenda kwa Bi Verna, ishirini kwa Wade, kumi zikabaki nyumbani. Signe akaliwahi basi lake, wakashinda, na usiku akalala fofofo.

Jumapili asubuhi babu alitoka kwenda kuijaribu bunduki yake nyuma ya zizi, mahali walipozoea kulenga shabaha. Signe alisimama nyuma yake na vizibo masikioni. Risasi ya kwanza ililia vizuri. Ya pili ikatoa mlio mdogo tu, pfu, kama mtu aliyepuliza mfuko wa karatasi. Babu hakuthubutu kufyatua tena. Aliitoa risasi iliyobaki, akaingiza ufito mwembamba ndani ya mtutu. Ufito ukakwama katikati.

"Kichwa kimenasa humu," alisema taratibu. "Hii haikuwa na baruti; ni fataki ya kitako tu iliyokisukuma. Ningefyatua nyingine nyuma yake, mtutu ungepasuka usoni mwangu." Akageuka. "Signe, ulimulika kweli?"

"Ndiyo, Babu." Signe alijibu.

Babu alishusha pumzi. "Basi kosa ni langu. Labda nililiangusha ganda moja nikaliokota bila kujua. Nimezeeka. Jioni Wade akirudi kutoka mlimani nitamwambia azirudishe, na kazi hii niiache kabisa."

Signe alitamani ardhi ipasuke immeze. Babu alidhani ni ganda moja tu, na kwamba jioni haikuwa mbali. Yeye peke yake ndiye aliyejua kwamba huenda yalikuwa mawili, au matano. Na Wade alikuwa mlimani wakati ule ule pamoja na binti yake Bryn, wa miaka kumi na miwili, ambaye huo ndio ulikuwa msimu wake wa kwanza.

"Babu, sikumulika," alisema, na machozi yakamtoka. "Nilikuwa naongea na Kaia kwa simu. Sijui ni ngapi. Nilikudanganya jana, na sasa hivi tena."

Babu hakumgombeza, na hilo lilimuumiza zaidi. "Ingia garini," alisema tu.

Nyumbani kwa Bi Verna hawakukaa hata dakika tatu. Babu alibaki nyuma ya usukani. "Nenda useme mwenyewe," alimwambia. Signe alisema huku akitazama viatu vyake. Bi Verna akamkabidhi boksi likiwa bado limefungwa. "Jamani, mtoto wewe!" alisema, kisha akatazama barabara ya mlimani. "Si Wade kapanda na Bryn leo? Kimbieni basi!"

Huko juu simu hazikamati. Walilikuta gari la Wade mwisho wa barabara, na nyayo zikipanda kwenye theluji. Babu alibonyeza honi kwa muda mrefu, akapumzika, akabonyeza tena. Signe alihesabu kila mlio, akiogopa kusikia mlio mwingine kutoka msituni. Baada ya nusu saa fulana mbili za wawindaji, za rangi ya machungwa, zikaonekana kati ya misonobari. Wade alikuwa amewaka kwa hasira.

"Orrin, umepatwa na nini? Bryn alikuwa amelenga dume kubwa, anangoja ageuke tu! Honi yako imemtimua!"

Bryn mwenyewe alikuwa analia. Signe alishuka garini. Alieleza yote mbele yao: simu, tochi, uongo wa kwanza na wa pili. Wade alichukua bunduki ya binti yake, akazitoa risasi nne zilizokuwa ndani, akampa babu kwa mpangilio zilivyotoka. Zake zilizobaki akazitoa pia.

Mchana walizifungua zote karakanani, moja baada ya nyingine. Katika boksi la Bi Verna hapakuwa na kosa, wala katika zile za Wade na za nyumbani zilizobaki. Katika zile nne za Bryn, ya kwanza haikuwa na baruti. Ya pili ilikuwa imejaa. Babu aliziweka mbili hizo mbele ya Signe kwa mpangilio ule ule, na Signe hakuhitaji kuelezwa. Alifunika uso kwa mikono.

"Nisikilize, mjukuu wangu," babu alisema mwishowe. "Mimi nimekosea kumwachia mtoto baruti na kuondoka, na Wade nitamwambia hivyo mwenyewe. Kusahau tunasahau sote, ndiyo maana tuna tochi. Lakini ganda naweza kulimulika nikaona mna nini ndani. Neno lako siwezi kulimulika. Ukiniambia umefanya, mimi naacha kutazama, na Bryn anaacha kutazama. Ukikosea, sema siku hiyo hiyo, hata kama aibu inakuua. Aibu haijamuua mtu."

"Naweza kumpigia Bryn, nimwambie tulichokikuta?"

"Lazima umpigie."

Bryn alisikiliza hadi mwisho.

"Mwambie babu yako asante kwa honi," Bryn alisema. "Wewe bado sijui nikuambie nini."

"Sawa," Signe alijibu. "Nitasubiri."