Fundo Lililofunguliwa

Maiti ya mwongoza watalii ililala chali kwenye mawe ya mto, chini kabisa ya korongo lenye msitu. Mita kumi juu yake, kamba aliyoshukia ilikuwa bado inaning'inia. Ilikuwa fupi, na miti ilimzuia kuuona mwisho wake.

"Ajali hiyo," Mkuu wa Kituo alisema kwenye simu. "Funga faili."

Inspekta alikata simu. Yeye ndiye aliyeteremka korongo lile kwa kamba ya pili, roho mkononi, matawi yakimchapa mgongoni. Leo anafundishwa ajali na mtu aliyekaa kwenye kiti cha kuzunguka!

Mjane hakulia mbele yake. Alikuwa na hasira.

"Siku yangu ya kuzaliwa aliisahau kila mwaka. Fundo la mwisho wa kamba, hapana. Kamba ikiwa fupi, fundo linakukwamisha, unabaki unaning'inia ukiwa hai. Alikuwa halifungui hata akifua kamba. Msimwandike mzembe, Inspekta."

Siku mbili za maelezo ya mashahidi hazikumpa kitu. Sikuona, sijui, nilikuwa mbali. Inspekta alitamani kumkaba mtu.

Siku ya tatu aliimwaga kamba yenyewe mezani. Yote ilikuwa imekolea tope. Shubiri mbili za mwisho tu zilikuwa na mabaka meupe, kama mkono uliovuliwa saa. Fundo lilikuwa limekaa pale muda mrefu, kisha likafunguliwa juzijuzi.

Alimwita kaka wa mjane, aliyefanya kazi na marehemu.

"Nani alipanga kamba kwenye mkoba?"

"Mimi."

"Mkoba ulilala wapi?"

"Kwangu."

"Fundo lilikuwepo?"

"Sikumbuki, afande. Labda shemeji alisahau kufunga."

"Tazama hapa. Hakusahau kufunga. Kuna mtu alifungua. Na kamba ndefu mliyozoea kushukia korongo lile iko wapi?"

Aliyatazama yale mabaka.

"Chini ya kitanda changu," alisema.

"Kwa nini?"

"Yule binti mtalii aliyetufia korongoni mwaka jana. Tulisema aliteleza. Uongo. Mimi ndiye niliyesahau fundo. Shemeji akanifichia, tangu hapo akawa anayafunga mafundo yote mwenyewe, akaniambia nisiyaguse tena. Wiki iliyopita akaniambia usingizi haumjii, anakwenda kwa wazazi wa binti kusema ukweli. Nilimpigia magoti, afande. Akakataa."

"Ukaona afe kama binti."

"Nilijua watasema alisahau. Watu husahau."

Inspekta alimsogezea kalamu atie sahihi. Kesi yake ilikuwa imekamilika, na hakufurahi hata chembe.

"Afande, nakuomba. Usimwambie dada yangu."

"Yuko nje hapo," Inspekta alisema. "Amesikia tumekuita tangu asubuhi, amekuletea chakula."