Hodi Katika Laini ya Hadia

Jambo la mwisho la kawaida kutokea katika nyumba ile lilikuwa wizi wa samaki. Baada ya swala ya alasiri paka wa jirani aliingia jikoni, akaondoka na kichwa cha changu, na Abdulqadir akajikuta anacheka. Alikuwa hajacheka tangu mazishi ya mkewe, Hadia.

"Alhamdulillahi, meno ungali nayo," dadake Mahfudha alimwambia, akifunika sufuria. "Sasa wacha hiyo laptopu, ule."

"Natafuta mtandao, dada."

"Mtandao gani? Wifi si mimi hapa?"

Mzaha huo ulikuwa wa Hadia: mawifi wawili nyumba moja, na mume bado analipia intaneti. Abdulqadir alitabasamu kwa adabu, akapanda ghorofani.

Laptopu ilikuwa ya Hadia. Ndani yake mlikuwa na kadi ya modemu, na laini yake ya simu ilisajiliwa ndani ya kadi yenyewe, bila kipande cha kuchomoa na kutia katika simu nyingine. Mfumo wa zamani ulipoharibika, Abdulqadir aliweka mfumo mwingine, Linux, na tangu hapo modemu haikuwaka. Kampuni ya simu ilikuwa imeshaonya kwamba laini isiyotumika itafungwa, na namba apewe mtu mwingine. Hilo ndilo alilolikataa. Kumzika Hadia alimzika kwa mikono yake. Kumsikia mtu baki akiitikia namba yake, hapana.

Tatizo alikuwa ameshalielewa. Kadi ilikuwa nzima, ila redio yake, ile ishikayo mawimbi ya mtandao, ilifungwa kiwandani, isiwake mpaka mfumo uipe amri ya kuifungua. Mfumo wa zamani ulitoa amri hiyo wenyewe. Linux ilingoja mwenye mashine atoe idhini. Akaiandika idhini, akabonyeza, akangoja.

Modemu ikawaka. Ikashika mtandao, nguvu kamili.

Abdulqadir akatazama meza. Nyaya za antena alikuwa amezichomoa ili apanguse vumbi, na hajazirudisha. Zilikuwa zimelala kando ya bisibisi.

Kisha ikamjia harufu ya udi uliozimwa kwa maji.

Ujumbe uliingia. Ulitoka namba ya Hadia, umekuja namba ya Hadia, na ulikuwa neno moja: "Hodi."

"Karibu," alisema. Mdomo ulimtangulia, kama unavyomtangulia kila aliyelelewa mitaa ile, ambako kuiacha hodi bila jibu ni utovu wa adabu.

Chini, mlango mkubwa ulifunguka, ukafungika. Ujumbe wa pili ukaja: "Nifungulie njia."

Hapo alipaswa kuzima. Lakini alikuwa mtu wa kupima mambo, na kifua kilimdunda kwa tumaini alilolionea haya. Hadia alizaliwa Mbwajumali, kisiwani Pate. Neno njia hakupata kulitamka hivyo maishani mwake, na alimcheka mumewe kwa Kiswahili chake cha chuo kikuu. Abdulqadir akaandika: "Wewe si Hadia. Hadia husema ndia."

Kisha sauti, si ujumbe tena, ikapanda kutoka kwenye ngazi, sauti ya Hadia yenyewe na ule mkwaruzo wake wa kuamka: "Nifungulie ndia."

Abdulqadir alibaki pale mezani anasikiliza nyayo zenye maji zikipanda ngazi, zikisita, zikigeuka kana kwamba zimekumbuka jambo huko chini, zikishuka tena kuelekea jikoni, na harufu ya ule udi uliolowa ikizidi mpaka ikamkaa ulimini, na ile sauti ikiita kwa upole ambao Hadia hakuwa nao hata siku za fungate: "Wifi. Wifi, njoo."

Mahfudha alipiga ukelele.

Abdulqadir akateremka mbio, akamkuta chini ya ngazi ameshika kiganja chake. Juu ya ngozi palikuwa na alama za vidole, nyeusi, zinachuruzika maji.

"Nani aliyeniita?" alinong'ona.

"Usiitike, dada."

"Ni yeye na si yeye. Hadia angalisema ndoo, si njoo. Abdulqadir, umetuletea nini?"

"Amenikaribisha mwenyewe," sauti ilijibu kutoka ghorofani, ikicheka. "Wifi ana mifupa miembamba. Niuvunje upi kwanza?"

Mwalimu Bakr, aliyezoea kuwasomea waliopagawa, aliishi ukuta wa pili. Alikuja adhana ya magharibi ikiadhiniwa, akasoma Ayatul Kursi mlangoni mwa chumba mpaka koo likamkauka.

"Soma, mzee, soma," kile kitu kikamwambia. "Ndevu zako zanuka mchuzi."

Mwalimu alimgeukia Abdulqadir. "Ulikiambia nini?"

"Nilisema karibu. Kisha nikakisahihisha."

"Ulikisahihisha!" Mzee aliteremsha sauti. "Bwana Abdulqadir, kimekuja na sauti tu, maneno hakina. Kila neno la marehemu utakalokipa, kitalivaa. Kikishayavaa yote, kitamla anayeyakumbuka. Itoe hiyo kadi."

"Laini itapotea, Mwalimu."

"Laini!" Mahfudha alimwonyesha mkono, sasa mweusi hadi kwenye kiwiko. "Naoza nimesimama, nawe wasema laini?"

Abdulqadir akaichomoa. Nyumba ikatulia, na harufu ikaondoka kama mtu aliyeaga. Weusi wa mkono wa Mahfudha ukaanza kufifia. Mwalimu aliifunga kadi katika kitambaa cheupe, akaisomea, akaiweka kwenye kidaka cha ukutani.

"Asubuhi nitakuja na nyundo tuivunje pamoja. Usiiguse."

Mahfudha alikwenda kulala kwa mke wa Mwalimu. Hakuna aliyemshauri Abdulqadir abaki peke yake, lakini alisema atabaki.

Asubuhi, kabla Mwalimu hajaja, alitia komeo mlango wa chini. Akafungua kitambaa, akairudisha kadi mahali pake, akakaza skrubu. Idhini haikuhitajika tena.

"Nipe maji," ilisema sauti ya Hadia, karibu kabisa na sikio lake.

Abdulqadir alifumba macho.

"Mai," akaisahihisha, taratibu. "Alikuwa akisema mai."