Mkono wa Mzee Teban

Rafiki yangu Jovelyn alikuwa anasomea usaidizi wa daktari kule mjini Iloilo. Mzee Teban, jirani wa chuo, ndiye aliyekuwa akiwapa wanafunzi mkono wake wajifunzie kupima presha. "Kaza tu, mjukuu wangu," alizoea kusema.

Mzee alipofariki, Jovelyn alikwenda msibani. Kwao, mtu akitoka msibani hupitia kwanza mahali pengine, hata dukani, ili marehemu asimfuate nyumbani. Lakini mvua ilikuwa inamwagika, na kesho yake kulikuwa na mtihani. Akaenda nyumbani moja kwa moja.

"Umepitia wapi?" mama yake akamuuliza mlangoni.

"Mama nawe! Hebu lete mkono nifanye mazoezi."

Mara umeme ukakatika. Jovelyn akamfunga mama mkanda wa presha kwa kupapasa, akatia stetoskopu masikioni, akasikiliza. Mapigo ya mama yalikwenda haraka. Nyuma ya mapigo hayo kulikuwa na mengine, mazito, ya polepole.

"Ni ngapi?" mama akauliza.

Akamfungua mama, akauweka mkanda kitini. Masikioni, yale mazito yakaendelea.

Mama akawasha mshumaa. Pale kitini mkanda ulikuwa umefungwa, umesimama mviringo kama uliovaliwa, na taratibu ulikuwa unajikaza.